Albamu Tuliyoirekodi Ghalani

Mkuu wa kituo chetu cha redio aliponiomba niwaachie neno ninyi mnaobaki studio, alisema niandike kama ninavyoongea. Nikamjibu kwamba katika kuongea kwangu kuna maneno yasiyochapika. Akacheka, akidhani natania. Nimestaafu masika haya yaliyopita, na bado kila nikikaa kunywa chai mkono unatafuta vitufe vya meza ya kuchanganyia sauti. Nimeona ni afadhali niandike kuliko kuendelea kuchezea vijiko.

Vyeo sitavieleza. Nilipata viwili, na kila kimoja kilinisogeza mbali na mashine na kunisogeza karibu na vikao. Nitaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na habari za albamu moja ambayo hamjawahi kuisikia na hamtaisikia.

Nilianzia Kaloleni, hapa Arusha, kwenye duka la Mzee Sefu. Asili yake Pangani. Baba yake alipanda huku bara na biashara ya vitambaa, yeye mwenyewe akaangukia redio. Duka lilikuwa chumba kimoja: santuri upande huu, meza ya ufundi upande ule, na nyuma ya pazia mashine ya kurekodia ya riili, yaani magurudumu ya kanda, kubwa kama sanduku la bibi harusi. Tuliuza santuri, tukawarekodia watu nyimbo kwenye kaseti, tukatengeneza chochote chenye spika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Baba yangu, mwinjilisti huko Poli, alitaka niwe karani. Mama, ambaye alikuwa akimuuzia ndizi mke wa Mzee Sefu, alitaka tu nisikae nyumbani.

Siku ya kwanza mzee alinivisha hedifoni zilizonifunika mpaka mashavuni, akaweka santuri ya muziki wa dansi, akarudi kwenye kazi yake. Wimbo ulipoisha akauliza, "Umesikia nini?"

"Wimbo wa mapenzi."

"Huo hata mbuzi wa jirani ameusikia. Wewe umesikia nini?"

Akaurudia. Nikasema nimesikia tarumbeta. Akaurudia tena bila kunijibu. Mwishowe, nikiwa karibu kulia, nikamwambia kwamba kabla ya tarumbeta kuanza kuna mtu anavuta pumzi, na baada yake kuna kiti kinalia.

"Njoo kesho," akasema.

Ndivyo nilivyoajiriwa. Alinifundisha kusafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti kila asubuhi, hata kama jana yake hakuna kilichorekodiwa. Alinifundisha kutogusa upande wa kahawia wa kanda, maana jasho la mkono linakaa pale miaka na miaka. Alinifundisha kukata kanda kwa wembe, mshazari, si moja kwa moja, ili unapoiunga sehemu ya kiungo isisikike ikigonga. Nimekata kanda nyingi kuliko vitunguu, na mume wangu anaweza kuthibitisha hilo. Ninyi siku hizi mnakata kwa kubonyeza, na mkikosea mnarudi nyuma. Sisi tukikosea tulipiga magoti na kutafuta kipande sakafuni.

Mashine ile ya riili Mzee Sefu aliipata kwa mzungu mmoja, meneja wa shamba la kahawa upande wa Usa River, aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Pamoja nayo aliachiwa kreti la santuri. Majalada yake yalikuwa na rangi za kuumiza macho na maandishi yaliyoyeyuka kama nta, na ndani kulikuwa na magitaa yanayonguruma, vinanda vinavyozunguka chumba, na watu wanaoimba kana kwamba wako chini ya maji. Hakuna aliyezinunua. Mteja mmoja alirudisha yake akisema sindano yetu ina homa. Mzee akalisukumia kreti chini ya meza, na pale lilikaa mpaka alipokuja Lomayani.

Lomayani alikuwa fundi wa mabasi Sakina, barabara ya Nairobi. Kwao ni Oldonyosambu, Mwarusha hasa, na alikulia kwenye kwaya ya usharika. Alikuwa na gitaa la umeme lililoungwa shingo na amplifaya iliyokufa, na hiyo amplifaya ndiyo iliyomleta. Siku hiyo nilikuwa nikijaribu sindano mpya, nikachomoa santuri mojawapo ya kreti kwa sababu hata nikiikwaruza hakuna atakayelia. Aliingia mikono ikiwa na grisi, akasimama katikati ya chumba.

"Dada, hiyo ni nini?"

"Roki ya wazungu. Wenyewe wanaiita saikedeliki."

"Maana yake?"

"Mzee anasema maana yake ni kwamba fundi alisinzia mashine ikiwa inaenda."

Hakucheka. "Rudisha pale gitaa linapoanza." Nikarudisha. Akainamisha kichwa. "Huyo mtu gitaa lake amelirekodi, halafu akaligeuza kinyumenyume. Sikia. Linavuta pumzi, halitoi."

Nilifanya kazi pale muda mrefu na kreti lile liko miguuni kwangu, na sikuwahi kulisikia hilo. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi akitoka gereji, ananawa mikono kwa sabuni ya unga, anakaa juu ya kreti lenyewe na kusikiliza. Alisema kwao wanaume wakiimba wanashusha sauti kooni, wanarudia jambo lilelile mpaka kifua cha anayesikiliza kinatikisika pamoja na vyao, na hujui tena kama umesimama au unakwenda. Hao wazungu, kwa maoni yake, walikuwa wakitafuta mahali palepale, ila wao walihitaji umeme.

Mzee Sefu alikuwa mtu wa taarabu na hakuupenda muziki ule hata kidogo. Lakini aliipenda kazi. Alimtengenezea Lomayani kifaa cha kukwaruzisha sauti kwa vipuri vya redio mbovu, akakifungia ndani ya kopo la kahawa. Akamuunganishia pedali ya cherehani na kitufe cha sauti, gitaa likawa linafungua na kufumba mdomo kama mtoto anayelishwa. "Haya," akamwambia, "sasa ni bovu kama unavyotaka."

Wakati huo mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa, na kanda za riili zilikuwa adimu. Tulikuwa na riili moja mpya ambayo mzee alikuwa akiitunza bila kusema anaitunzia nini. Siku moja akamwekea Lomayani mezani.

Tulirekodi Usa River, kwenye ghala la kahawa lililokuwa tupu kabla ya msimu. Msimamizi wake alikuwa mjomba wa Lomayani. Tulipeleka mashine kwa pikapu, imefungwa ndani ya godoro, mimi nimeikumbatia njia nzima. Mpiga besi na mpiga dramu walikuwa watu wa bendi ya hoteli, walikuja mchana kwa sababu jioni walikuwa na kazi yao ya heshima.

Mzee aliniachia mimi usukani. Alikaa kwenye gunia mlangoni, akasema yuko pale kulinda godoro. Ghala lilikuwa refu, la bati, na ukikohoa huku unajibiwa kule. Nikaweka spika mwisho mmoja na maiki mwisho wa pili, gitaa la Lomayani likawa linasafiri ghala zima kabla ya kuingia kwenye kanda. Pale alipotaka sauti iyumbe, nilibonyeza ukingo wa riili kwa kidole gumba, taratibu, nikaachia. Gitaa likazama, likaibuka. Alinitazama toka kule akiwa anapiga, akafungua mdomo wazi kama mtu aliyeona kitu angani.

Upande wa pili wote wa albamu ulikuwa wimbo mmoja, alioupa jina Jivu. Bibi yake alikuwa amemsimulia kwamba alipokuwa msichana mlima Meru ulitoa moshi. Lomayani aliimba maneno machache tu kwa Kimaa, akayarudia, na chini yake wanaume wanne aliowaleta kutoka kwao wakashusha sauti kooni. Katikati mvua ikaangukia bati. Nilimwangalia Mzee Sefu kuuliza kama nisimamishe. Akatikisa kichwa. Mpiga dramu, Mungu amrehemu, akaisikia mvua na kuifuata. Ikazidi akazidi, ikapungua akapungua. Wimbo ulipokwisha mjomba wa Lomayani akauliza kama tumemaliza maana anataka kufunga.

Tulipata nakala moja ya kaseti. Riili ndiyo ilikuwa albamu yenyewe.

Lomayani na mzee waliipeleka Dar es Salaam kwa watu waliokuwa wakitoa santuri. Sitawataja, na wengi wao hawapo. Walirudi na riili ileile. Mzee ndiye aliyenisimulia: walisikiliza wimbo wa kwanza mpaka katikati, wakauliza kwa upole kama kanda imeharibika njiani. Walisema huu si dansi, si kwaya, si ngoma, na hawajui wauweke rafu gani. Lomayani akawashukuru. Ndani ya basi hakuongea mpaka Korogwe, na huko aliuliza tu kama mzee anataka machungwa.

Hata hivyo aliendelea kupiga. Alioa, akahamia chumba kikubwa zaidi huko Elerai, na Jumamosi aliendelea kuja kukaa juu ya kreti. Wakati mwingine aliomba nimpigie ile riili, nasi watatu tukaisikiliza. Nilidhani muda wake bado. Ukiwa kijana unadhani kitu kizuri kina haki ya kusubiriwa.

Kisha mke wake akafariki akijifungua, na mtoto naye hakuishi.

Sikumwona kwa muda mrefu. Nilisikia kwamba gitaa ameliuza, na kwamba ameingia kwenye kikundi kidogo cha maombi kilichokuwa kikikutana nyuma ya magereji. Walimhudumia vizuri wakati ambao wengine, pamoja nami, hatukujua hata la kumwambia. Lakini kulikuwa na mtu pale aliyemwambia kwamba msiba uliingia nyumbani kwake kupitia mlango aliokuwa ameufungua mwenyewe kwa muziki ule. Ukiwa umeumia kiasi hicho, sababu yoyote ni afadhali kuliko kukosa sababu.

Alikuja asubuhi moja, amevaa koti. Wanaume wawili walisimama mlangoni na Biblia zao. Walikuwa na adabu, walinisalimia vizuri, sina neno baya juu yao.

"Takwenya, dada Eli."

"Iko," nikaitikia salamu kwa Kimaa. "Karibu kiti, kaka."

"Sikai. Nimekuja kuchukua ile kanda. Na kaseti."

"Unataka kuisikiliza?"

"Nataka kuichoma."

Nilikifunga kidoleni kitambaa nilichokuwa nafutia vumbi, nikakifungua. "Iache hapa. Hutaiona wala hutaisikia. Nitaiweka mahali ambapo hata mimi nitasahau."

"Ikiwa hapa, na mimi niko hapa," akasema. "Siwezi kutoka."

Mzee Sefu alikuwa ameenda hospitali kwa macho yake. Nilikuwa peke yangu. Kanda ilikuwa ya Lomayani. Aliimba yeye, alipiga yeye, aliumia yeye. Nilienda nyuma ya pazia, nikatoa riili ndani ya boksi lake, nikatoa kaseti, nikaziweka juu ya meza. Mmoja wa wale wanaume akauliza kama hakuna nakala nyingine. Nikasema hakuna, na ilikuwa kweli. Lomayani mwenyewe hakuuliza. Aliniangalia tu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, halafu akachukua vitu vyake.

Mzee aliporudi nilimwambia. Akauliza, "Umempa vyote?"

"Vyote."

Alikaa. "Ni vyake," akasema. Halafu akainuka, akachukua pamba na spiriti, akaanza kusafisha kichwa cha mashine ambacho nilikuwa nimekisafisha asubuhi. Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa, na alikufa miaka kadhaa baadaye akiwa ameniachia duka, zana, na madeni ya shukrani kwa nusu ya Kaloleni.

Duka halikufa kwa mkupuo. Santuri zilienda kwanza, kaseti zikafuata. Vituo vya redio vya watu binafsi vilipoanza, nikaja hapa kuomba kazi ya fundi mitambo, na mkuu wa wakati huo alinipa kwa sababu nilipoingia mlangoni nilimwambia kwamba spika yake ya kushoto imepasuka. Mengine mnayajua. Mnajua habari za radi iliyopiga mnara wakati wa matangazo ya vifo, tukalazimika kuyasoma upya yote jioni, na familia moja ikapiga simu kuuliza kama marehemu wao amekufa tena. Mnajua habari za mtangazaji aliyekula makande maiki ikiwa wazi, mkoa mzima ukisikiliza anavyotafuna. Jina lake silisemi kwa kuwa sasa ni mheshimiwa.

Muziki wa house uliletwa kwetu na madereva wa malori ya watalii waliokuwa wakipanda kutoka kusini mwa Afrika. Walikaa Arusha wakisubiri wageni wao washuke mlimani, nao waliniletea sidii wakijua nitazipiga. Vijana wa studio waliona ni muziki wa kufanyia mazoezi: dramu inagonga kila pigo, haichoki, haina habari mpya. Mimi niliweka hedifoni na nikabaki nimekaa. Kitu kimoja kinarudiwa, kinarudiwa, halafu kinaongezwa kingine kidogo tu kwa pembeni, na kile cha kwanza unakisikia upya. Niliwaza, Lomayani angeelewa hili kwa dakika moja.

Niliomba kipindi cha Jumamosi mchana. Wakubwa walikubali, kwa sababu saa hizo walidhani hakuna anayesikiliza. Kikaendelea mpaka nastaafu. Wasikilizaji waliniita DJ Bibi, jina nililolikataa kwa mwaka mmoja na kulijibu kwa miaka yote iliyobaki.

Kupitia kipindi hicho nilimfahamu Nasieku, ambaye wengi wenu mnamjua. Ana studio yake Sakina, juu ya gereji, na anatengeneza house ambayo naweza kuiweka mbele ya mtu yeyote. Muda si mrefu uliopita nilimkaribisha hewani. Katika maongezi akasema anatamani kusikia muziki wa zamani wa huku kwetu ambao haukuwa dansi wala kwaya. Nami, bila kupanga, nikamsimulia habari za ghala, mvua na kidole gumba. Sikutaja jina la mtu. Nilisema tu kwamba albamu hiyo haipo tena.

Tulipofungua simu za wasikilizaji, sauti ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja.

"Takwenya, dada Eli."

Nilizima maiki ya studio. Nasieku akaweka wimbo bila kuambiwa.

"Iko," nikasema. "Kaka Loma. Uko wapi?"

"Niko nyumbani, Oldonyosambu. Nakusikiliza kila Jumamosi. Umesema haipo."

"Haipo, kaka. Si uliichukua?"

"Nilichukua. Lakini nilijua umebakiza kitu. Hata kipande."

"Sikubakiza."

Nilisikia ng'ombe wake nyuma, na mtoto akiwafukuza. "Nilikuja na wale wawili ili nisije nikarudi nyuma," akasema. "Lakini nilipokuangalia nilisema moyoni, huyu hawezi. Huyu ataficha. Miaka yote hii nilikuwa natulia kwa hilo, kwamba dada Eli alinidanganya."

Nilikuwa nimefanya lililo sawa. Baba yangu angelisema ni sawa, Mzee Sefu alisema ni sawa, na nikirudishwa pale dukani asubuhi ile sijui ni kwa haki gani ningefanya vingine. Na bado sijawahi kujutia jambo lolote la kazi hii kama nilivyojutia lile.

Nasieku ndiye aliyesema twende. Tulimkuta Lomayani nje ya nyumba yake, mzee mwembamba, amevaa shuka juu ya sweta. Alikuwa ameshaachana na kile kikundi zamani, akarudi usharikani kwake kimyakimya, akaoa tena, akapata wajukuu. Nasieku akamsalimu kwa Kimaa, akainamisha kichwa, naye akamgusa utosini kama inavyotakiwa. Nikaona mkono wake wa kushoto ukitetemeka. Aliufunika na shuka.

"Huu ndio uliokuwa unashika shingo ya gitaa," akasema. "Sasa hata kikombe unakishindwa."

Nasieku akamwambia, "Baba, hatutaki upige. Tunataka ukumbuke. Wewe unaimba kidogo, Mama Eli anasahihisha, mimi natengeneza. Tutairudisha."

Tukajaribu. Tulienda mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Lomayani aliimba mstari wa besi kwa kunguruma, nami nikasema hapana, uliingia baadaye kidogo. Akasema uliingia palepale. Tukabishana kama watu waliooana. Nikagundua jambo: kila mmoja wetu alikuwa na albamu yake. Yake ilikuwa ya taratibu na yenye huzuni kuliko yangu. Yangu ilikuwa na mvua nyingi zaidi. Mpiga besi na mpiga dramu walikuwa wameshafariki, na kati ya wale wanaume wanne wa kuimba alikuwa amebaki mmoja, asiyekumbuka chochote ila kwamba walipewa nyama.

Tulienda pia Usa River kupima mwangwi wa ghala. Siku hizi wanafungia mboga za kusafirisha nje. Kuta na dari zimewekwa magodoro ya plastiki ya kuhifadhi baridi. Nasieku akapiga makofi katikati ya ghala, na makofi yakafia mikononi mwake. Msichana mmoja aliyekuwa akipanga maharage machanga akatuangalia kwa huruma. Tulipotoka nje Nasieku akasema, "Usijali, Mama, mwangwi nitautengeneza kwenye kompyuta." Aliutengeneza, na ni mwangwi mzuri kabisa.

Alichokitoa mwishowe ni wimbo wa house. Dramu inagonga kila pigo, chini kuna sauti ya Lomayani akinguruma, imerudiwa mpaka imekuwa wanaume wanne, na juu kuna gitaa ambalo Nasieku aliligeuza kinyumenyume. Aliuita Jivu, akaandika jina la Lomayani mbele ya lake. Mnaujua, maana vijana wanaupiga kila mahali hapa mjini. Nikipita Sakina nausikia ukitoka gereji zilezile.

Kipindi changu cha mwisho tulimleta Lomayani studio. Alivaa suti. Alisalimia kila mtu, hadi mlinzi, akakaa kwenye kiti cha mgeni, nami nikamvisha hedifoni kwa mikono yangu. Nikaupiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliusikiliza akiwa amefumba macho, na mkono wake, kwa muda wote huo, niliushika mimi.

Ulipoisha nikaweka matangazo. Nasieku alikuwa amesimama mlangoni.

"Nzuri, mwanangu," Lomayani akamwambia. "Nzuri sana. Watu watacheza." Kisha akazivua hedifoni, akanigeukia. "Dada Eli. Hii siyo ile."

"Siyo, kaka."

"Ile nimeshaisahau. Nikijaribu kuikumbuka sasa naisikia hii. Aliyebaki anayeikumbuka ni wewe peke yako. Niambie kweli. Ilikuwa nzuri? Maana mimi miaka hii nilijiambia labda wale wa Dar walikuwa sahihi. Labda ilikuwa kelele tu za vijana. Nikijiambia hivyo, nalala."

Hapo ndipo ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na nafasi, na hakuna ambaye angejua. Nasieku alikuwa ananiangalia, matangazo yalikuwa yanakaribia kwisha, na mzee yule alikuwa ameniletea swali lake kutoka Oldonyosambu akiwa na suti.

"Kaka," nikasema, "nimepitisha muziki mwingi mno mikononi, wa hapa na wa kokote. Sijapata kusikia kingine kama kile."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa ambazo alikuwa ameshazijua.

"Basi niliichoma nzuri," akasema.

Taa nyekundu ikawaka. Nilikuwa hewani, na sikuweza kutoa sauti. Lomayani akaisogelea maiki, akaishika kwa ule mkono wake mzima, akawasalimia wasikilizaji, akawaambia jina lake, kijiji chake, na kwamba hapo zamani alikuwa mpiga gitaa.